Kabati la Shangazi

Shangazi alinipigia simu Jumapili jioni. Alikuwa amempa fundi seremala shilingi 150,000 za kuanzia kabati, na mwezi wa tatu ulikuwa unakatika bila hata ubao mmoja. Fundi alikuwa amekiri kwamba fedha ile alimtibia mwanawe.

"Wewe ndiye mwanasheria wetu," akasema. "Nimpeleke polisi? Huyu si mwizi?"

Nikamjibu kama ninavyowajibu wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hapa kuna mkataba: yeye aliahidi kabati, wewe uliahidi fedha. Asipotimiza, hiyo ni kesi ya madai, na Sheria ya Mikataba, kifungu cha 73, inakupa haki ya fidia kwa hasara uliyopata. Jinai ni jambo jingine. Huko haitoshi kwamba umeumia. Kwa kawaida lazima pawe na tendo lililokatazwa pamoja na nia ovu, na upande wa mashtaka uthibitishe yote mawili bila kuacha shaka ya maana. Kwenye madai inatosha mizani iinamie upande wako.

"Lakini kanidanganya!"

"Alipopokea fedha, alikuwa na nia ya kutengeneza?"

Akafikiri. "Alikuja akapima ukuta. Akachora."

"Basi hakukudanganya, shangazi. Ameshindwa."

Nikamweleza kifungu cha 301 cha Kanuni ya Adhabu. Kujipatia mali kwa udanganyifu kunahitaji uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo. Ahadi ya kesho ikivunjika, peke yake haitoshi. Hata Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 11, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba.

"Haya, baba," akasema. "Nitamsubiri."

Nilipokata simu, kifungu kile kikanigeukia mimi. Nilipoanza shahada ya kwanza, nilimwomba shangazi huyuhuyu shilingi 200,000 za chumba. Nilimwambia jina langu limeshatoka kwenye orodha ya wanaopata mkopo, fedha zikiingia tu narudisha. Jina lilikuwa halijatoka. Orodha nilikuwa nimeiangalia asubuhi ileile. Akauza mahindi yake, akanitumia. Nilimlipa miaka minne baadaye, kwa mshahara wangu wa kwanza, naye akanishukuru.

Ukituweka kwenye mizani ya madai, fundi ni mdaiwa na mimi sidaiwi kitu. Kwenye mizani ya jinai mambo yanageuka. Yeye alitoa ahadi ya kweli ikamshinda. Mimi nilisema uongo kuhusu jambo lililopo, nikapewa fedha kwa uongo huo. Na kosa likishatendeka, kulipa baadaye hakulifuti.

Zamani niliona tofauti hii ni ujanja wa wanasheria. Sasa naiona ina maana. Fundi alimpotezea shangazi fedha. Mimi nilimnyang'anya nafasi ya kuamua akiwa anajua ukweli. Huenda angenipa hata ningesema kweli, kwa jinsi ninavyomjua. Lakini hakuwahi kuulizwa swali hilo, na deni hilo mshahara haukulilipa.

Juzi tumeongea tena. Fundi ameshanunua mbao. Shangazi alicheka, akanishukuru kwa ushauri. La kwangu bado sijamwambia.