Mgonjwa Anapokataa Kusaidiwa



Mwezi wa sita mwaka jana niliangushwa na bodaboda kwenye barabara ya Bombo, si mbali na Kalerwe, nikavunjika kifundo cha mguu wa kulia. Ajali yenyewe sitaieleza. Kila anayesoma gazeti hili ana yake, au ana ya mwenzake wa chumbani. Picha ilionyesha mfupa umevunjika pande mbili na kiungo kimeachana, na daktari akasema plasta peke yake haitatosha: lazima mguu ufunguliwe, utiwe chuma na skrubu, kisha wiki 6 bila kukanyaga chini. Wakati ule swali langu lilikuwa moja tu, nitarudi lini darasani. Swali ninaloliandikia leo lilikuja baadaye, nalo lililetwa na mdogo wangu wa kike na jerikeni ya lita 20.

Swali ni hili: mgonjwa akikataa kusaidiwa, ni nani anayelipa?

Kwanza niseme kidogo kuhusu maandalizi, maana najua baadhi yenu mtayahitaji. Operesheni haikufanyika siku ile. Mguu ulikuwa umevimba mno, na ngozi iliyovimba haifungi vizuri baada ya kushonwa, kwa hiyo nililala nyumbani siku kadhaa mguu ukiwa juu ya mito, juu kuliko moyo, nikisubiri uvimbe ushuke. Siku hizo mjomba wangu alizitumia kunishawishi niende kwa omuyunzi, yule mwungaji wa mifupa ambaye kila kijiji cha Buganda kina sifa zake. Simdharau omuyunzi, wako watu wanaotembea kwa mikono yake. Lakini kiungo kilichoachana hakirudi mahali pake kwa kukandwa na kufungwa vijiti, na mjomba mwenyewe alinyamaza alipoonyeshwa picha.

Usiku wa kuamkia operesheni hupewi chakula, na mwisho hata maji unanyimwa, ili usije ukatapika ukiwa kwenye dawa. Kwa aliyezoea kufunga hilo si jambo. Lililonisumbua ni twahara. Wengi wetu Afrika Mashariki tumelelewa katika madhehebu ya Shafi, na humo mwenye jabira, yaani aliyefungwa bendeji au plasta, huosha palipo pazima, hupangusa maji juu ya plasta, kisha hutayammamu. Tena inatakiwa jabira iwe imefungwa mtu akiwa na twahara, la sivyo swala zake atakuja kuzirudia. Sasa nani anafungwa plasta na udhu wake akiwa amelazwa mezani nusu usingizi? Nilimuuliza shekhe wetu, akacheka kidogo, akaniambia wako maimamu wengine waliotosheka na kupangusa tu bila sharti hilo, na kwamba nisijitafutie mlango mwembamba wakati mpana umefunguliwa. Anayekwenda kupasuliwa aulize haya mapema. Akishatoka na plasta mguuni atakuwa na mengine ya kuuliza.

Nikarudi nyumbani Kawempe. Kitanda tulikihamishia chumba cha mbele, mkeka ukaondolewa ili gongo lisijikwae. Kwa kuwa choo chetu ni cha shimo na mtu wa mguu mmoja hawezi kuchutama, fundi wa jirani alitoboa kiti cha plastiki katikati. Kiti hicho ni jambo dogo ambalo hakuna daktari aliyelitaja, nami naliona lilinifaa kuliko vidonge. Kuoga ni kaveera kubwa juu ya plasta, imefungwa kwa mpira juu ya goti. Niliambiwa nitikise vidole kila saa, na kwamba kigimbi kikiuma na kuvimba au kifua kikibana nikimbizwe hospitali bila kungoja asubuhi, kwa sababu damu huganda kwenye mguu uliolala.

Siku ya tatu ndugu zetu wa jumuiya walikuja kunizuru. Walikuwa saba. Walileta machungwa na mkate, wakasoma dua, kisha mmoja wao akatoa pendekezo: wapangiane zamu, wawili kila siku, mmoja kuchota maji na kunisaidia bafuni, mwingine kuleta noti za mihadhara, na Ijumaa wakodishe gari wanipeleke msikitini nitakapoweza. Nikawajibu kwa sauti ya mtu mwenye imani kubwa: "Alhamdulillah, niko sawa. Msijisumbue, mna mitihani." Wakasisitiza, nami nikazidi kuwa sawa. Wakaondoka wakisifu subira yangu, na sifa hiyo niliilalia usiku ule kama mto wa nne.

Lakini maji hayakujichota. Mama anauza ndizi sokoni Kalerwe, hutoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri. Aliyebaki ni mdogo wangu, mwanafunzi wa S.6, aliyekuwa na mitihani ya majaribio mwezi wa saba. Yeye ndiye aliyechota, akapika, akafua, akanisimamia mlangoni mwa choo. Kunishika nikiingia kuoga, kazi ambayo kwa adabu ya dini yetu ilimfaa mwanamume mwenzangu, nilimwachia binti wa miaka 18. Waganda wana neno kwa mtu anayemuuguza mgonjwa, omujjanjabi, na hospitalini hulali bila kuwa naye, maana ndiye anayekupikia na kulala chini kwenye mkeka pembeni ya kitanda chako. Pita kwenye wodi yoyote ya Kampala wakati wa jioni uhesabu ni wangapi kati yao ni wanaume.

Ijumaa ya wiki ya tatu niliamua kwamba nimechoka kuswali juu ya kiti. Swala ya kukaa niliiona kama mtihani wa kurudia: inakubaliwa, lakini kila mtu anajua. Mdogo wangu alikuwa amekwenda dukani. Nikachukua magongo, nikatoka uani, nikatawadha mwenyewe kwenye bomba, na niliporudi mpira wa gongo uliteleza kwenye saruji yenye maji. Nikakanyaga kwa mguu ule ule.

Chuma hakikusogea, Alhamdulillah. Mshono ulifumuka upande mmoja, kidonda kikaanza kutoa maji, na yaliyofuata yalikuwa kusafishwa kidonda, sindano za siku nyingi, na wiki mbili zaidi kitandani. Fedha zilitoka katika karo ya mtu ambaye sikumuuliza. Na ile asubuhi ya kwenda kubadilishiwa bendeji ndiyo iliyokuwa asubuhi ya karatasi ya kemia ya mdogo wangu. Alikuwa nami kwenye benchi la kusubiri, amevaa sare ya shule, kwa sababu alidhani tutamaliza mapema. Hatukumaliza mapema. Ilipofika saa sita alisema, bila hasira: "Kaka, wale rafiki zako uliwaambia huhitaji kitu. Mimi hukuniuliza."

Nimelifikiria neno hilo kwa miezi. Nilikuwa nikiamini kwamba nimekataa msaada, kumbe nilikataa tu msaada wa watu ambao ningelazimika kuwashukuru. Kwa wale saba niliona deni: wataniona nikiwa dhaifu, kesho na kesho kutwa nitakutana nao kwenye kumbi na kila mmoja atakuwa ameshanishika kwapani. Kwa mdogo wangu sikuona deni kwa sababu sikuwahi kuhesabu bei. Aibu yangu mbele ya wanaume wenzangu ililipwa na binti ambaye hakuwa na nafasi ya kusema hapana, nami kitendo hicho nilikiita tawakkul.

Tazama sasa sira inasema nini. Jabir (R.A.) anasimulia, katika Sunan ya Abu Dawud, kwamba Mtume (S.A.W.) alipanda farasi Madina, farasi akamwangusha kwenye shina la mtende, na mguu wake ukateguka. Masahaba wakaenda kumzuru, wakamkuta katika ghorofa ya Bibi Aisha (R.A.) akiswali kwa kukaa. Wakaswali nyuma yake. Tunazo hotuba nyingi za Badri na Uhud, lakini hii ya mguu ulioteguka sijaisikia mimbarini hata mara moja, na ninajiuliza kwa nini. Hakufunga mlango. Hakuwaambia yuko sawa. Mbora wa viumbe aliwaacha watu wamwone amekaa pale ambapo jana alikuwa amesimama, na wao wakajifunza dini kutokana na kukaa kule.

Kisa cha pili kinatisha. Jabir pia ndiye msimulizi wake. Mtu mmoja safarini alipigwa jiwe kichwani, kisha akaamka na janaba. Akawauliza wenzake kama ana rukhsa ya kutayammamu, wakamwambia hawamwoni na rukhsa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) hakuwasifu kwa uchamungu wao, alisema wamemuua, akawaapiza, na akaeleza kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Mimi sikuambiwa na mtu yeyote nitoke uani siku ile. Nilikuwa yule majeruhi na pia wale wenzake waliomnyima rukhsa.

Msomaji hodari atanijibu kwa kumtaja Amr bin al-Jamuh (R.A.). Alikuwa kiguru, miguu yake haikumsaidia, na wanawe wanne walitaka kumzuia asiende Uhud mwaka wa 3 Hijria kwa sababu Mwenyezi Mungu amemsamehe. Akaenda hata hivyo, akafa shahidi, na hakuna anayemlaumu. Hoja hii ina nguvu, na kwa muda ndiyo niliyojitetea nayo kitandani. Lakini Amr alifanya jambo ambalo mimi sikulifanya: alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akalisema lake waziwazi, wanawe wakijua, na akaambiwa kwamba hakuwajibika kabla ya kuachiwa njia. Aliyoyatoa yalikuwa yake. Mimi nilitoka uani kwa siri, na nilichokitoa kilikuwa karatasi ya kemia ya mtu mwingine.

Kuna aya moja katika Surat an-Nur, ya 61, ambayo nilikuwa nikiipita haraka. Inaanza kwa kuwaondolea lawama kipofu, kiguru na mgonjwa, kisha, katika aya hiyo hiyo, inataja nyumba ambazo mtu anaweza kula bila hatia: za baba, za mama, za ndugu, za shangazi na wajomba, na mwishowe ya rafiki. Wafasiri wana maelezo mbalimbali kuhusu jinsi sehemu hizi mbili zilivyounganika, na mimi si mfasiri. Ninalosema ni kwamba kiguru na nyumba ya rafiki wamewekwa mahali pamoja, na mimi niliwatenganisha.

Sitaki hata hivyo kufika mahali pa kusema kwamba mgonjwa ni neema kwa wanaomhudumia na wafurahie thawabu. Maneno hayo husemwa zaidi na wasiobeba maji. Kuna thawabu katika kumzuru mgonjwa, na Muislamu ana haki hiyo kwa Muislamu mwenzake, hilo halina shaka. Lakini haki ya mgonjwa haifuti haki ya anayemuuguza. Thawabu yake ni baina yake na Mola wake, na mimi sina ruhusa ya kumhesabia ili nisione alichopoteza. Nadhani kazi ya mgonjwa, kabla hata ya subira, ni kukaa na kuuliza: mzigo wangu uko juu ya nani sasa hivi, na yeye ameulizwa?

Wiki ya nne niliandika ujumbe kwa wale saba. Nilifuta mara tatu. Mwishoni ulikuwa mfupi: maji kila asubuhi, mtu wa kunishika bafuni Jumanne na Ijumaa, noti za mihadhara. Hakuna aliyenikumbusha nilichosema mwanzo, isipokuwa mmoja aliyefika na jerikeni begani akaniuliza kama bado niko sawa. Ijumaa walinipeleka kwa gari la kukodi, wakaniweka kwenye kiti pembeni mwa safu. Hutuba nzima nilikuwa natazama mguu wangu ulionyooshwa mbele kama wa mzee, na nilipoinua macho niliona hakuna aliyekuwa akiutazama isipokuwa mtoto mmoja.

Chuma bado kimo. Huuma mvua ikikaribia, na ngazi za maktaba nazipanda polepole. Mdogo wangu aliruhusiwa na mwalimu wake kuifanya ile karatasi ya kemia baadaye, peke yake katika chumba cha walimu, na hakuifanya vizuri. Mtihani wenyewe wa mwezi wa kumi na moja aliufanya akiwa analala kwa shangazi yetu huko Kibuli, mbali na mimi na ndoo zangu. Hilo lilikuwa wazo lake, na safari hii aliulizwa. Ninapoandika haya matokeo hayajatoka. Sijamwambia hata nusu ya niliyoyaandika hapa, na gazeti likitoka nitampelekea nakala mwenyewe, kwa miguu.