Je, Aliyehitimu Ana Haja ya Kufundishwa Tena?

Mimba ya mwanadamu hutimia kwa majuma 40 hivi. Mtoto akizaliwa kabla ya majuma 37 kutimia, twasema amezaliwa kabla ya siku zake, na siku hizi wengi humwita njiti. Hesabu ya Shirika la Afya Duniani yaonyesha kwamba mwaka 2020 walizaliwa watoto wa namna hii 13,400,000, yaani mmoja katika kila watoto kumi. Wengi hukua wakawa watu wazima wenye nguvu. Lakini wengine hufa, na wengine hubaki na kilema cha macho, cha masikio au cha akili.

Sababu kadha wa kadha zajulikana, kama malaria, shinikizo la damu, mapacha, na mimba zinazofuatana upesi. Lakini mara nyingi mama hana hata moja ya sababu hizo, na bado huzaa kabla ya siku. Kwa hiyo viko vyuo vikuu vinavyowachukua watu waliokwisha kupata shahada ya uzamivu, ambayo hapana shahada ya masomo iliyo juu yake, na kuwafundisha tena miaka kadhaa namna ya kulichunguza jambo hili. Mojawapo ni Chuo Kikuu cha California kilichoko San Francisco, Marekani, ambacho mwaka 2014 kilipata fedha nyingi za wafadhili kwa kazi hii. Na kazi yenyewe ilifika hata Kenya, Uganda na Rwanda.

Hapo ndipo linapozuka swali. Mtu wa kijijini aweza kusema, “Zahanati yetu ina mkunga mmoja, na mtoto njiti hufa kwa kukosa joto. Je, ni haki kumsomesha aliyekwisha kusoma, na huku mtoto anakufa?” Swali hili si la kijinga, wala halijibiwi kwa kusema tu kwamba elimu ni bahari. Yatupasa kulipima kwa mambo yaliyotokea.

Katika miaka ya 1940 madaktari wa nchi tajiri waliwahurumia watoto njiti, wakawaweka katika visanduku vya joto na kuwapa hewa ya oksijeni kwa wingi. Walifikiri kwamba mapafu machanga yahitaji msaada mkubwa. Nani angaliona ubaya hapo? Lakini mwaka 1942 Daktari Theodore Terry wa Boston alieleza habari za upofu mpya uliowapata watoto hao. Mwaka 1951 Daktari Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alionyesha kwamba huenda oksijeni yenyewe ndiyo sababu. Mwaka 1953 hospitali 18 za Marekani zikaanza kulijaribu jambo hilo kwa kulinganisha watoto waliopewa oksijeni nyingi na waliopewa kidogo, na ikathibitika. Kufikia hapo watoto wapata 10,000 duniani walikwisha kupofuka.

Wasomaji wetu, waliowapofusha watoto wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wema, wenye shahada, waliokuwa na hakika kabla ya kupima. Huruma yao ilikuwa ya kweli, na macho ya watoto yaliharibika vilevile.

Tazameni na jambo la pili. Katika miaka ya 1960 Daktari Graham Liggins wa Auckland, New Zealand, alikuwa akichunguza kwa kondoo ni kitu gani kinachoanzisha uchungu wa kuzaa. Akaona wana-kondoo waliotiwa dawa fulani wakizaliwa mapema mno, na bado wakivuta pumzi. Yeye na mwenzake Ross Howie wakajaribu dawa ya namna ile kwa akina mama 282, wakatangaza mwaka 1972 kwamba yasaidia mapafu ya mtoto. Hata hivyo madaktari wengi walikawia kuitumia kwa miaka kama ishirini.

Baadaye watu wakataka kuieneza hata vijijini. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo. Vifo vya watoto wadogo waliokusudiwa havikupungua, na vifo vya watoto wachanga wote viliongezeka. Mwaka 2020 jaribio jingine, lililofanywa katika hospitali za nchi tano, Kenya na Nigeria zikiwamo, lilionyesha kwamba dawa hiyohiyo huokoa watoto mahali ambapo umri wa mimba umepimwa vizuri na mtoto ana wa kumtunza. Dawa ni ile ile, bali mahali ni mbali mbali. Shahada ya mtu haiwezi kumwambia hayo. Hapana budi aende akajifunze.

Tena, kujifunza huko si kwa maprofesa peke yao. Watu wa chuo kile cha San Francisco waliwauliza wanawake wasio Wazungu wa mji huo, na wa Oakland na Fresno, ni maswali gani yafaa kuchunguzwa. Wanawake weusi wa Marekani huzaa kabla ya siku kupita wenzao weupe kwa kadiri ya nusu zaidi. Walitaja mzigo wa mashaka ya maisha, na namna wanavyotunzwa wakati wa mimba na baada ya kujifungua. Hivyo mwenye shahada aliketi akafundishwa na mama mzazi.

Basi, twamjibuje yule mtu wa kijijini? Mtumbwi ukiingia maji, mmoja huyateka na kuyamwaga nje, na mwingine hutafuta tundu. Anayetafuta tundu asimnyang'anye mwenzake kata, maana wote watazama. Na fedha za uchunguzi zisichukuliwe katika joto la mtoto na mshahara wa mkunga. Lakini tukimwambia mtafutaji akae, tutamwaga maji siku zote.

Kwa hiyo twasema kwamba ni haki aliyehitimu afundishwe tena, ikiwa atakubali kweli kuwa mwanafunzi. Nasi wa vijijini tuna sehemu yetu. Akija kutuuliza, tumjibu kweli tupu, tusimpe yale tunayodhani anapenda kuyasikia. Nasi tumwulize: umekuja kutafuta nini, na utakapokipata, utarudi kutuambia?