Kadi ya Mkopo na Mwanafunzi: Je, Nia ya Kulipa Yatosha?



Mas'ala haya yamerudiwa mara nyingi katika darasa zetu, na wazee wenye watoto vyuoni huko bara ndio wanaoyauliza zaidi. Kijana wa Mombasa, Malindi au Lamu amepanga chumba Kahawa Sukari, kando ya barabara kuu ya Thika, apate kuwa karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ataka kununua kitu kwa njia ya intaneti. Pengine ni kitabu, pengine ni programu ya masomo, pengine ni viatu tu. Muuzaji yuko ng'ambo, hapokei noti wala sarafu; ataka nambari ya kadi. Basi kijana auliza: nichague kadi gani? Na je, yafaa nichukue kadi ya mkopo, iwapo nimenuia kulipa kabla ya siku ya kutozwa riba?

Wengi hudhani kwamba swali hili ni la hisabu peke yake: kadi ipi ina ada ndogo, ipi ina muhula mrefu. Sisi twaona hisabu yaja baadaye. Kwanza ni swali la mkataba, kisha ni swali la nafsi.

Tuanze kwa kuzijua kadi zenyewe, kwani asiyepambanua vitu hawezi kupambanua hukumu zake. Iko kadi ya ATM, ambayo hutoa fedha zako mwenyewe zilizomo benki; zikiisha, nayo imekwisha. Iko kadi isiyoshikika mkononi, ambayo ni nambari tu ndani ya simu. Mfano wake ni ile ya GlobalPay, iliyoanzishwa na Safaricom pamoja na Visa mwezi wa Juni 2022, nayo hulipa kutokana na fedha zilizomo katika M-Pesa ya mwenyewe. Hizi mbili hukumu yake ni moja: mtu atumia mali aliyonayo.

Ya tatu ndiyo kadi ya mkopo. Hapa benki humlipa muuzaji kwa fedha zake, nawe ukawa mdeni wa benki. Mwisho wa mwezi waletewa hisabu na kupewa muhula. Ukilipa deni lote ndani ya muhula, hutozwi ziada. Ukilipa sehemu tu, kile kiasi kidogo ambacho benki yakuridhia ulipe, kilichobaki chatozwa riba. Na ukiitumia kadi hiyo kutoa fedha taslimu, kwa desturi riba huanza kuhesabiwa siku ile ile, wala hungojewi mwisho wa mwezi.

Sasa tuje kwenye nia. Kijana atwambia: "Matendo hupimwa kwa nia, nami nia yangu ni kulipa kwa wakati. Sitalipa riba hata senti moja. Basi kosa langu liko wapi?" Swali hili ni zuri, wala halifai kujibiwa kwa ukali.

Jawabu yetu ni kwamba mkataba ni ahadi, na ahadi ni tendo lenye kusimama peke yake kabla ya matokeo yake. Mtu akiandika kwa mkono wake kwamba akichelewa kufika atakunywa kileo, kisha akafika mapema, ni kweli kuwa hakunywa. Lakini je, alikuwa na haki ya kuahidi hivyo? Kuwahi kwake kumemwepusha na tendo la pili, wala hakukufuta la kwanza. Nia njema haimpi mtu ruhusa ya kuitia sahihi ahadi ya jambo lililoharimishwa, hata akitumaini kuwa siku ya kuitimiza haitafika.

Hivi ndivyo walivyoona wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu katika mkutano wao wa 12, uliofanyika Riyadh mwezi wa Septemba 2000. Waliamua kwamba kadi ya mkopo isiyokuwa na fedha za mwenyewe nyuma yake haijuzu kutolewa wala kutumiwa ikiwa imewekewa sharti la riba, hata kama mwenye kuichukua amekusudia kulipa ndani ya muhula wa bure. Ikiwa haina sharti hilo, wamejuzisha. Na benki yaweza kutoza ada maalumu ya kiasi cha huduma yake, na kuchukua ujira kutoka kwa muuzaji, madamu mnunuzi haongezewi bei kwa sababu ya kadi.

Atasimama mwingine aseme: "Mbona mikataba mingi ya siku hizi ina masharti kama hayo? Mtu akichelewa kulipa umeme au maji huweza kuongezewa, nasi twaitia sahihi." Twajibu: dharura hupimwa kwa kukosekana njia nyingine. Mwenye nyumba hana mto wa kuteka wala waya mwingine wa kumletea taa. Lakini yule mwanafunzi wa Kahawa Sukari kadi nyingine anayo. Zile mbili tulizozitaja zamfikisha kwa muuzaji yule yule, wa nchi ile ile, kwa bidhaa ile ile. Penye mlango wa halali ulio wazi, mtu hawezi kudai kuwa amelazimishwa kupita dirishani.

Mambo haya si mageni kwetu. Katika karne ya 19, Unguja na katika pwani yetu hii, palienea mauzo yaliyoitwa bei ya khiyari. Mwenye shamba aliyehitaji fedha "humuuzia" tajiri shamba lake kwa sharti la kuweza kulikomboa katika muda maalumu. Wakati huo yeye mwenyewe hubaki shambani na humlipa tajiri kodi ya kulikaa. Katika karatasi palikuwa na mauzo na kodi, mambo mawili ya halali. Katika hakika palikuwa na mkopo, na rehani, na ziada juu ya mkopo. Na waliotia sahihi karatasi hizo hawakukusudia kupoteza mashamba. Kila mmoja alinuia kulikomboa lake mavuno yakija. Kisha mwezi wa Aprili 1872 ikaja tufani iliyoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tufani haikuuliza nia ya mtu.

Katika khabari hiyo mna mafunzo mawili. La kwanza ni kuwa kubadilisha jina hakubadilishi kitu. Leo neno riba halipendezi, kwa hivyo twasikia "ada", "gharama ya huduma" na "malipo ya uwezeshaji". Tusitishwe na majina wala tusihadaiwe nayo. Tuulize maswali mawili. Je, malipo haya huongezeka kwa kadiri ya mkopo? Je, huongezeka kwa kupita muda? Ada ya kutengeneza kadi, iliyo moja kwa mwenye kukopa kidogo na mwenye kukopa kingi, ni ujira wa kazi. Malipo yanayokua pamoja na deni na pamoja na siku ni ziada ya deni, hata yakipambwa vipi.

Tuipime mikopo ya simu kwa mizani hiyo, maana vijana wengi wasiokuwa na kadi ya benki hukopa humo. M-Shwari ilipoanza mwezi wa Novemba 2012, ada yake ilikuwa 7.5 kwa mia kwa siku 30. Aliyekopa shilingi 1,000 alilipa 75 juu yake, na wengi huona ni bei ya chakula cha mchana. Lakini mwenye kukopa na kurudia kila mwezi, mwaka mzima, amelipa shilingi 900 za ada, na asili ya deni ingali ile ile 1,000. Fuliza, iliyokuja mwezi wa Januari 2019, huyajazia malipo yaliyopungukiwa na fedha na kutoza kwa siku. Maswali yetu mawili yakiulizwa hapa, msomaji aweza kujibu mwenyewe.

Funzo la pili ni kuwa yakini si tumaini. Twajua kwamba wako wanazuoni wa zama zetu waliomruhusu mwenye haja ya kadi ya mkopo kuichukua, iwapo ana yakini ya kulipa ndani ya muhula. Hatuwabezi, na elimu yao twaiheshimu. Twauliza tu: je, mwanafunzi ni katika hao? Fedha anazozitumia ni za babake, ambaye pengine ni mvuvi au fundi, na bahari haitoi mshahara wa mwezi; au ni za mkopo wa HELB, ambazo hazifiki kila mara siku chuo kinapofunguliwa. Yakini ya kulipa kwa mali iliyo mikononi mwa mwenziwe haiitwi yakini.

Na khatari yenyewe si ndogo. Mwezi wa Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliamuru kwamba asiandikwe mtu katika daftari za wadeni wabaya, zile za CRB, kwa deni lisilofika shilingi 1,000, na walioandikwa kwa chini ya hapo wafutwe. Amri hiyo yatuonesha kwamba palikuwa na watu waliochafuliwa majina yao kwa kitu kisichotosha kununua jozi ya viatu. Kijana hajaanza kazi, na jina lake limekwisha mtangulia.

Sasa tuje kwenye nafsi. Tukadirie kwamba riba haimo kabisa. Je, kukopa kwa ajili ya kununua kila kinachopendeza ni jambo jema? Uislamu haukuharimisha deni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat al-Baqara, yahusu namna ya kuandika madeni na kuyashuhudia. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alifariki hali deraya yake imewekwa rehani. Lakini iliwekwa kwa shayiri, chakula cha watu wa nyumbani kwake. Na ni Mtume huyo huyo aliyeletewa jeneza la mtu mwenye deni, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipojitolea kulibeba. Mwenye kuziweka khabari hizi mbili pamoja ataelewa: deni ni mlango wa haja, nao ni mzito kwa mwenye kuufungua.

Kadi ya mkopo huuondoa uzito huo usisikike. Mkono ukitoa noti, moyo husikia. Kidole kikigusa simu, moyo hausikii kitu mpaka hisabu iletwe. Hapo kijana huanza kuichukua fedha ya benki kama kwamba ni yake, na kipimo chake cha "naweza" hakiwi tena kile alichonacho bali kile alichoruhusiwa kukopa. Wazee wetu walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Mwenye deni huuza sehemu ya kesho yake kabla hajaijua bei yake. Kazi atakayoipata, atakwenda nayo kwa mwenye kumdai kabla ya kwenda nayo kwa mamake.

Basi twamnasihi mwanafunzi haya. Achague kadi inayotumia fedha zake, ya ATM au ya simu, na aijaze kwa kadiri ya kile anachokinunua tu. Akiwa amejiunga na Fuliza, ajitoe, isije ikamjazia kwa deni asilolikusudia. Penye muuzaji wa humu nchini anayekubali kulipwa bidhaa zikifika mlangoni, na amlipe hapo, kwani ni salama zaidi na kitu amekiona. Akienda benki inayojiita ya Kiislamu asiridhike na jina. Aombe mkataba, ausome, aulize: nikichelewa, natozwa nini, na hicho kinachotozwa chaenda wapi? Na kabla ya yote ajiulize kama kitu chenyewe ni shayiri au ni pambo.

Lakini nasaha kwa kijana peke yake haitoshi, na hapa ndipo tunapotaka wakubwa watusikilize. Iko haja ya kweli. Mwanafunzi wa uhandisi asiye na kompyuta ni kama fundi asiye na msumeno, na babake huenda hana shilingi elfu 40 kwa mara moja. Tukimwambia "haramu" kisha tukamwacha pale pale, tumefunga mlango wala hatukumwonesha mwingine. Mji wenye kukusanya malaki kwa harusi ya siku tatu hauwezi kusema hauna uwezo wa kumkopesha mtoto wake chombo cha kusomea.

Rai yetu ni kwamba kila msikiti mkubwa wa miji yetu uwe na mfuko wa karadha hasana, yaani mkopo usio na ziada, kwa wanafunzi walioko mbali. Hauhitaji mali nyingi. Watu 100 wakitoa shilingi 500 kila mmoja kwa mwezi, ni shilingi 50,000. Kila mwezi mwanafunzi mmoja apata kompyuta yake, na marejesho yanapoanza kuingia wawili hupata. Mkopo na uandikwe na ushuhudiwe kama ilivyoamrishwa katika aya ya 282. Akidhikika mdeni, apewe nafasi kama ilivyo katika aya ya 280. Na arudishe kile kile alichokichukua. Hapo ndipo tutakapokuwa na haki ya kumwambia kijana wa Kahawa Sukari aiache kadi ya riba, kwani tutakuwa tumemnyoshea mkono kabla ya kumnyoshea kidole.

Kazi hii yataka watu wa kuianza, wala si wengi. Kila mtaa una wazee watano waaminifu. Na waketi baada ya sala ya Ijumaa, wahesabu ni wanafunzi wangapi wa mtaa wao walioko bara, na wanahitaji nini. Hisabu hiyo ndiyo mwanzo.

Wabillahi ttaufiq.