Kwa Nini Wataka Kujua Kupigana?

Kijana akimwambia baba yake kwamba ataka kujifunza karate au judo, maswali huwa yale yale: ada ni kiasi gani, mwalimu ni nani, na je, masomo hayataharibika? Ni maswali ya haki. Lakini liko moja lililo zito kuliko hayo, nalo huulizwa kwa nadra: mwanangu, kwa nini wataka kujua kupigana?

Sababu anayo, hata asipoitaja. Mmoja ni mdogo wa mwili, naye amechoka kunyang'anywa vitu vyake njiani. Mwingine ataka afya. Wa tatu ataka kutazamwa na wasichana (wala tusimcheke, sababu hiyo ni ya kale kuliko karate yenyewe). Tena yuko ambaye moyoni mwake limo jina la mtu mmoja, naye ahesabu siku. Pigo watakalofundishwa wote hawa ni moja; mkono haujui kama umetumwa na hofu au na kisasi.

Ndugu zetu wa Bariadi na wa Simiyu nzima wanalijua jambo hili bila kufundishwa na Wajapani. Simiyu ilifanywa mkoa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi ilikuwa chini ya Shinyanga. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bunduki zilizagaa nchini, na wezi wa ng'ombe wakazidi ujeuri. Polisi walikuwa wachache, tena mbali. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuanzia upande wa Kahama, Wanyamwezi na Wasukuma walipojipanga kijiji kwa kijiji, wakashika upinde na mshale. Watu wakawaita Sungusungu, kwa jina la wale wadudu weusi waumao kwa umoja. Boma moja likiibiwa, mwano ulipigwa, ndio ukelele wa kuomba msaada, na kila mwanamume mwenye nguvu alipaswa kutoka. Asiyetoka alitozwa faini. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa, nao wakatambuliwa kisheria.

Tuitazame vema sababu ya mtu yule aliyeacha mkeka wake usiku wa manane akafuata nyayo za ng'ombe wasio wake. Hakutafuta sifa; gizani nani angemwona? Alitoka kwa ajili ya jirani, akijua kwamba kesho mwano waweza kutoka kwake. Wako watakaotukumbusha amri ya Bwana wetu juu ya kugeuza shavu la pili. Twaipokea. Lakini shavu tuliloruhusiwa kuligeuza ni letu wenyewe. La mjane au la mtoto si letu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba mtu aweza kujitetea kwa haki, mradi akusudie kuokoa uhai wake na asitumie nguvu kupita kadiri ya lazima. Na Katekisimu ya 1992 huongeza kwamba kwa mwenye dhamana ya uhai wa wengine, kuwatetea kwaweza kuwa wajibu mzito.

Hata hivyo upinde ule ule ulipata kazi nyingine. Katika vijiji vingi Sungusungu waligeukia watu waliodhaniwa kuwa wachawi, na miongoni mwao walikuwamo wanawake wazee. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi, kana kwamba bibi aliyepika miaka hamsini penye moshi angeweza kuwa na macho meupe! Wengine walipigwa, wengine wakafukuzwa makwao. Silaha haikubadilika, wala walioishika hawakuwa wageni. Sababu ndiyo iliyobadilika kimya kimya, na aliyeonewa hakuwa na wa kumpigia mwano, maana waitikiaji ndio waliosimama mlangoni pake.

Basi sababu njema yaweza kuoza. Kwa bahati, na mbaya yaweza kupona. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo huko Japani mwaka 1882, aliuchagulia mchezo wake jina lenye maana ya njia ya upole. Na mwanafunzi hufundishwa kuanguka kabla hajafundishwa kuangusha. Jioni kwa jioni humkabidhi mwenzake shingo yake, na mwenzake humwachia anapopiga mkeka kwa kiganja. Kijana aliyekuja kwa hofu akizoea hayo, mara nyingi haja ya kupigana humtoka.

Kwa hiyo twawaomba wazazi wasiliulize swali lile siku ya kulipa ada tu. Waliulize tena baada ya miezi sita, na tena mwaka ukiisha, mtoto arudipo jioni na jasho lake. Na yule aliyeingia na jina la mtu moyoni, baba yake amketishe, amwulize bila ukali kama jina hilo lingalimo.