Kuuliza na Kukubali Jibu

Kuuliza ni jambo jepesi. Jambo gumu ni kupokea jibu tusilolitaka. Leo twapenda kulifikiri neno hilo kwa njia ya mchezo, maana mara nyingi mchezo huonyesha moyo wa mtu kuliko kazi yake.

Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu huketi mezani, kila mmoja akijifanya mtu wa hadithi, askari au msafiri. Mmoja wao ndiye msimamizi: yeye huwaambia yaliyo nyuma ya mlango. Jambo likiwa na shaka, hutupwa dadu.

Lakini wako wapendao kucheza peke yao. Nani atawaambia yaliyo nyuma ya mlango? Mtu hawezi kujishtusha mwenyewe. Kwa hiyo yalitungwa majedwali ya maneno. Katika mchezo wa Ironsworn, alioutoa Shawn Tomkin mwaka 2018, mchezaji hutupa dadu mbili za pande kumi, apate namba toka 1 mpaka 100, kisha hutafuta katika jedwali neno la namba ile. Tuseme amepata «kuacha», na katika jedwali la pili «rafiki». Basi hana budi kufikiri: nani amemwacha nani, na kwa nini?

Majedwali hayo yameitwa kwa jina la mahali pa kuagulia, kama pale Delphi katika Ugiriki ya kale. Basi wengine watauliza: je, hiyo si ramli? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alipambanua kura za namna tatu: ya kugawanya vitu, ya kuuliza shauri la kutenda, na ya kuagua mambo yajayo. Mchezaji wetu haagui. Hamwulizi pepo, wala hasadiki kwamba dadu yajua kitu. Dadu yampa neno tupu. Maana aitia mwenyewe. Hapo hatuoni uaguzi.

Lakini liko swali jingine, nalo latugusa sisi sote. Yule mtu wa hadithi, ambaye mchezaji amemlea kwa majuma mengi, yumo hatarini. Dadu yasema: rafiki amekuacha. Hakuna amwonaye mchezaji. Aitupa tena, na tena, mpaka ipatikane namba impendezayo. Je, amekosa? Hakumwibia mtu hata senti moja. Na kweli, neno lisilopatana kabisa na hadithi laweza kuachwa. Lakini kuliacha neno kwa sababu halipatani, na kuliacha kwa sababu lauma, ni mambo mawili. Huyu hakuuliza kweli. Alitaka sauti yake mwenyewe imrudie, kama mtu apigaye kelele bondeni. Tangu saa ile mchezo wake umekufa, maana nyuma ya kila mlango atajikuta yeye mwenyewe tu.

Kumbe, mtu huyo twamjua. Ndiye aendaye kwa mfumu wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, mpaka apate wa kumtajia jirani ambaye alikwisha kumchukia. Ndiye awaulizaye wazee shauri la ndoa, asimfuate ila mzee aliyesema kama yeye. Na sisi waalimu wa dini tusijitenge: mara ngapi tumemwuliza mwenzetu shauri, nasi tumekwisha kukata neno moyoni!

Hata dhamiri twaweza kuitupa kama dadu. Jibu lake la kwanza likituuma, twauliza tena usiku, twauliza tena asubuhi, mpaka inyamaze. Halafu twasema: nimekwisha kufikiri vizuri. Hapana, ndugu, tumeichosha tu.

Basi, kabla hatujauliza, kwa mzee au kwa padri au moyoni mwetu, yafaa tujiulize neno moja: nikiambiwa «hapana», je, nitakubali? Kama sivyo, tusimsumbue mtu.