Mtoto Mwenye Hofu

Wavuvi wa Karema wajua jinsi Ziwa Tanganyika linavyochafuka ghafula. Basi wataielewa vema Injili ya Marko, sura ya 4: wanafunzi walipoogopa dhoruba, Bwana wetu kwanza aliutuliza upepo, ndipo akawauliza sababu ya hofu yao.

Sisi hufanya kinyume. Mtoto wa darasa la saba, awe wa Mpanda mjini au wa Mishamo, akosaye usingizi na kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule, mara nyingi si mvivu wala mwongo. Moyo wake umo dhorubani. Nasi twamwita mwoga, twashika fimbo. Fimbo huongeza hofu juu ya hofu.

Ketini naye. Mwacheni aitaje hofu yake, mkamsikilize hata mwisho. Mfundisheni kuvuta pumzi polepole. Lakini msimfiche nyumbani, maana hofu ikimbiwayo hukua. Msindikizeni hatua kwa hatua. Hali ikidumu majuma kadhaa, mpelekeni hospitali bila haya.

Na jioni, mkisali pamoja, mtoto amsikie baba akimshukuru Mungu kwa ajili yake, kabla ya matokeo ya mtihani kujulikana.