Wajukuu Zangu, Moto wa Kinyungu Hupanda Mlima

Wajukuu zangu, mvua zimekatika, na nyasi za Mufindi zimeanza kukauka. Kuanzia sasa hadi mvua za Novemba mimi silali usingizi mzito. Nanyi msilale.

Najua mnasafisha vinyungu, mashamba yenu ya huko bondeni. Kinyungu ni chakula, siwakatazi kulima. Nawasihi jambo moja: majani mliyofyeka msiyachome mchana wa jua kali, upepo ukivuma.

Moto unapenda kupanda. Bondeni mwali unaishia gotini, na kijana anausimamia huku akicheka. Ukishika mteremko, joto lake linatangulia kukausha nyasi za juu, nao unapanda mbio kuliko miguu yenu. Na kule juu kuna nini? Misindano ya watu.

Ingieni chini ya misindano mtazame. Sindano kavu zimelala kama godoro, na matawi yaliyopogolewa mwaka jana yameachwa papo hapo. Hizo ni kuni zilizokwisha kupangwa.

Mkaratusi ukiungua, kisiki chake huweza kuchipua. Msindano hauchipui. Mjane aliyepanda misindano ili asomeshe wanawe, akangoja miaka 15, anabaki na magogo meusi ambayo mnunuzi anayatajia bei ya kuni. Mtamtazamaje mama huyo mkikutana msibani? Moto hausomi hati ya shamba, wanangu. Mpaka mnaujua ninyi tu.

Basi jiandaeni mapema, nawaomba. Limeni njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba, mparue mpaka udongo mtupu uonekane. Nyasi zilizofyekwa na kuachwa njiani bado zinawaka. Pogoeni matawi ya chini, myatoe nje ya shamba. Ondoeni kuni na majani makavu ukutani mwa nyumba.

Mkilazimika kuchoma, ombeni kibali kijijini na mwarifu majirani. Chomeni asubuhi na mapema au jioni, upepo ukiwa umetulia, mkiwa wengi, na majembe, maji na matawi mabichi yakiwa tayari. Anayewasha peke yake huzimiwa na kijiji kizima.

Na msiondoke kwa kuwa mwali haupo. Moto uliozimika machoni haujazimika kisikini. Makaa hukaa ndani ya mizizi na samadi siku nyingi, yakingoja upepo. Sogezeni mgongo wa mkono karibu na kisiki, bila kukigusa. Mkisikia joto, chimbueni, mwagieni maji, mchimbue tena. Kesho yake rudini mkatazame.

Msiseme moto mdogo hauna madhara. Kule Kilimanjaro, Oktoba 2020, moto ulianzia Whona, mahali wapanda mlima wanapopumzika kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wanafunzi wakiwemo, nao ukaendelea kwa siku kadhaa. Wakuu wa hifadhi walisema mwanzoni kwamba ulidhaniwa kuwa umetokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Chakula tu, wanangu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo vijana wanapofia. Moto ukiwazidi nguvu, acheni miti. Iacheni! Pigeni 114, zimamoto wajue, na watoto na wazee waondoke kabla moshi haujafunga njia.

Msiukabili moto usoni. Kama bado mnauweza, upigeni kutoka ubavuni, mkiwa na mahali pa kukimbilia nyuma yenu. Msikimbilie juu ya mlima. Msijifiche korongoni, maana korongo huvuta moto na moshi. Tafuteni ardhi iliyokwisha kuungua na kupoa, au udongo mtupu, au barabara pana. Moshi ukiwafunika, inameni, mfunike pua na mdomo kwa kitambaa.

Na mkienda kuzima, vaeni nguo za pamba za mikono mirefu na viatu vya ngozi. Nailoni ikipata joto huyeyukia mwilini. Ndala acheni nyumbani.

Nawasihi tena: asiende mtu peke yake, na asiende mlevi. Ulanzi humfanya mtu aone moto mdogo kuliko ulivyo. Anayeshindana na upepo huzikwa na walioukimbia.

Miti ikiungua tutatafuta miche, mvua zikija tutapanda tena. Ninyi mkiungua, sina kitalu cha kuwatafutia wengine.

Kwa hiyo kesho alfajiri, kabla ya kwenda kinyungu, kila mmoja aje na jembe lake. Tutaanza na njia ya moto upande wa bondeni, na nitasimama pale mpaka niuone udongo.